Kisanduku cha Mzazi

Mlinzi wa shule alimjua Msusi vizuri kabisa. Mke wake alikuwa anasuka kwake, na zaidi ya mara moja yeye mwenyewe alishakaa kwenye benchi la saluni akimsubiri, huku akinung'unika kwamba ni nywele gani hizi zinazomaliza Jumamosi nzima ya mtu. Lakini mchana ule alisimama katikati ya geti na kishikwambi kipya mkononi, hataki kumtazama usoni, akamwambia jina lake halimo.

Msusi alidhani anataniwa. Akamwambia afungue geti, jua linachoma, na kule saluni amemwacha mteja amesukwa upande mmoja tu. Mlinzi akamgeuzia kioo ajionee. Palikuwa na picha ya mtoto, jina la mtoto, darasa la pili, na chini yake kisanduku kimoja kilichoandikwa "Mzazi anayetambulika". Ndani ya kisanduku lilikaa jina la dada yake. Dada mwenyewe alikuwa nchi ya watu, nyumba ya watu, anawatunza wazee wa watu, na alikuwa huko tangu mtoto hajaota jino.

Ng'ambo ya geti Kasuku alikuwa amekalia begi lake. Jina hilo walimpa kwa haki, maana tangu ajue kusema alikuwa hanyamazi ila akilala. Siku hiyo alikuwa kimya. Wenzake walikuwa wanachukuliwa, huyu na mama yake, yule na baba yake, naye anawasindikiza kwa macho tu. Msusi akampungia mkono kupitia nondo za geti, akajilazimisha kutabasamu.

Ikabidi aingie ofisini kwa mlango wa nyuma, ule wa kuingizia kuni za jikoni. Karani wa shule alimpokea bila kuinuka. Akamweleza kwamba wiki iliyopita walikusanya vyeti vya kuzaliwa, na cheti cha mtoto kina jina la aliyemzaa, kwa hiyo akaliingiza. La Msusi lililokuwemo tangu chekechea likatoka. Hakulitoa yeye, alisema, mfumo ndivyo ulivyo: kisanduku ni kimoja, ukiingiza jina la pili la kwanza linakwenda zake. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwamba mvua inalowanisha.

Kwa sasa angempa kibali cha muda. Akafungua orodha kwenye kompyuta: dereva, mfanyakazi wa ndani, mtu mwingine. Akabonyeza la katikati bila kuuliza, macho yake yakiwa kwenye kanga ya kazi aliyojifunga Msusi.

"Mimi si mfanyakazi wa ndani," Msusi alisema.

"Mtu mwingine anadaiwa barua ya polisi," karani akajibu. "Mfanyakazi wa ndani hadaiwi kitu. Nakusaidia, dada."

Msusi akatia saini. Kwa hasira aliyokuwa nayo, ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Kabla hajaondoka karani akamwambia vibali vya muda mwisho wake ni Alhamisi. Kuanzia Ijumaa, ama mama wa kwenye cheti aje mwenyewe kumchukua mwanawe, ama aandike barua kwamba amemwachia mdogo wake mtoto moja kwa moja, na jina lake liondolewe. Wachague mmoja.

Njiani Kasuku alirudiwa na ulimi wake. Akauliza mfanyakazi wa ndani ni nani. Msusi akamwambia ndiyo kazi anayoifanya Mama wa Simu. Hivyo ndivyo mtoto alivyomwita Dada, kwa kuwa hakuwahi kumwona ila kwenye simu; Msusi alikuwa Mama, bila cha kuongeza. Kasuku akafikiri kidogo, akasema basi leo na wewe umekuwa Mama wa Simu.

*

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba kisanduku kile alikuwa anakijua. Tena hakukijua kwa kukiona tu. Na yeye alishakichora kwa mkono wake.

Msusi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Alichelewa kuingia, watu walishamzoea na chanuo mkononi, na darasani alikaa na watoto wanaomwita shangazi. Asubuhi alikuwa chuoni, mchana saluni. Somo lililomteka lilikuwa Utangulizi wa Hifadhidata. Alipenda namna mambo ya dunia, jinsi yalivyovurugika, yanavyoweza kupangwa kwenye majedwali, kila kitu mstari wake, na kila mstari una namba yake isiyofanana na nyingine, wanayoiita ufunguo. Mtu aliyezoea kugawa nywele kwa mistari haoni tabu kuelewa hilo.

Mhadhiri wao walimbatiza jina la Ufunguo, kwa sababu mwanafunzi akionyesha jedwali lolote, swali lake la kwanza lilikuwa moja: ufunguo wako uko wapi? Hata aliyechelewa darasani aliulizwa hivyo hivyo. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kampuni yake ndogo ya kuuza mifumo, na hakuficha kwamba shule karibu zote za pale mjini zinatumia mfumo wake. Kazi ya muhula aliyowapa ilikuwa kusanifu hifadhidata ya shule ya msingi, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba kila mwanafunzi awe na mzazi mmoja tu anayetambulika.

Msusi aliichora kwa raha zake. Jedwali la wazazi hapa, jedwali la wanafunzi pale, mstari mmoja katikati unaowaunganisha. Palipotakiwa mfano aliandika jina la Kasuku, na penye mzazi akaandika jina lake mwenyewe. Dada hakumfikiria hata kidogo. Alijiandika kwa moyo mkunjufu, akaenda zake. Ufunguo aliupenda mchoro ule mpaka akauonyesha ukutani mbele ya darasa zima, akasema jamani, tazameni usafi huu. Siku ile Msusi alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Sasa mchoro ule ule ulikuwa umemfungia geti. Aliutoa kwenye mkoba akautazama upya, na uzuri wake wote ukamtumbukia nyongo.

*

Dada alipiga simu wakati wa chakula. Fundi, mume wa Msusi, mtengenezaji wa majokofu, mtu asiyependa maneno mengi, aliweka simu mezani katikati ili kila mtu asikie. Kasuku akamaliza habari zake zote kwanza, za shule, za paka wa jirani, za jino linalocheza, kisha akatumwa nje akacheze. Hapo Msusi akaeleza mambo ya geti. Alieleza yote ila lile la mfanyakazi wa ndani, maana alijua litamchoma dada yake mahali ambapo hana wa kumpooza.

Dada hakumngoja amalize vizuri.

"Basi niondoe," akasema.

Msusi akamwambia asiseme hivyo.

"Niondoe, mdogo wangu. Alipougua surua nani alikesha naye? Mimi? Mimi nilikuwa nafuta mabega ya bibi wa watu. Barua nitaiandika leo hii nikutumie. Mtoto asikae getini kwa ajili ya jina langu."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyejikaza kisabuni. Wakaagana. Fundi akachukua sahani yake, akasema kwa upole kwamba hapo hapana la kubishana: Msusi ndiye aliyelea, mwenyewe ametoa kwa mdomo wake, apokee alichopewa. Wao wawili hawakujaliwa mtoto, walishazunguka hospitali mpaka wakachoka, na Kasuku ndiye aliyekuwa anaijaza kelele nyumba ile.

Na Msusi alitaka kupokea. Tusimpambe. Alilitaka jambo hilo tangu zamani, alilitaka mpaka akajionea haya. Kila mwaka Dada aliposema huenda akarudi, Msusi alifurahi kwa mdomo tu, na Dada alipoahirisha, ndipo alipofurahi kwa moyo. Sasa alikuwa anapewa kila kitu, kwa barua, kwa hiari, bila ugomvi. Alikuwa na haja ya kunyamaza tu mpaka Ijumaa.

*

Siku iliyofuata, saluni, alimkalisha mteja chini ya mashine ya kukaushia, akafungua kompyuta yake juu ya kigoda. Alikuwa ameshaijenga hifadhidata yenyewe kutokana na mchoro, na alitaka kuona ile barua ingefanya nini. Akaingiza familia yake yote. Kwenye wazazi akamweka Dada, kama shule ilivyomweka. Kwenye wanafunzi akamweka Kasuku, akamfunga kwa mama yake. Kisha, kwa haraka ya mtu anayetaka jambo limalizike, akamfuta Dada.

Mstari ukatoka. Hapakuwa na mlio wala swali. Akaenda kwenye jedwali la wanafunzi kumwekea Kasuku jina la mzazi mpya, na Kasuku hakuwepo.

Alidhani ameandika vibaya. Akatafuta tena. Jedwali lilikuwa tupu kama sufuria iliyokwisha oshwa. Ndipo akakumbuka sharti aliloliweka mwenyewe wakati wa kujenga, kwa kufuata maelezo ya darasani: mzazi akifutwa, na watoto wake wafutwe pamoja naye, ili asibaki mtoto ananing'inia hana kwao. Aliliweka akijiona mwanafunzi hodari. Kompyuta nayo ilimtii.

Kwa ukweli wa mambo, kosa lile lilikuwa jepesi. Mtu angebadilisha jina la mzazi kwanza, ndipo amfute wa zamani, na mtoto angebaki salama. Msusi alilijua hilo baada ya dakika. Lakini alikuwa ameshaona. Alikuwa amemwondoa dada yake duniani kwa kidole kimoja, akiwa na hamu kabisa, na mtoto akaondoka na mama yake. Alilia pale pale, kamasi na machozi. Mteja akanyanyua kofia ya mashine akauliza kwani nani amefariki.

"Bado," Msusi akajibu, akamrudishia kofia kichwani.

Akajifuta uso kwa taulo la wateja. Hasira ilipanda, safari hii haikuwa ya karani wala ya mlinzi. Ilikuwa hasira na nafsi yake, na kisanduku, na wote waliokaa mahali wakakubaliana kwamba mtoto huwa wa mtu mmoja. Kasuku alizaliwa na Dada na akalelewa na Msusi. Hayo yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hakuona kwa nini ukweli mmoja ufe ili mwingine uandikwe.

Akaufuta mstari wa katikati ya majedwali yale mawili. Akachora jedwali la tatu, akaliita Malezi. Ndani yake kila mstari ulikuwa na mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, na neno la kueleza wameunganishwa na nini. Mtoto aliye na watu wawili alipata mistari miwili. Aliye na wanne alipata minne, na hakuna aliyemsukuma mwenzake nje. Alipoingiza Kasuku na Dada, alama ya kuzaa, kisha Kasuku na yeye mwenyewe, alama ya kulea, mistari yote miwili ikakaa, imetulia.

Barua ya Dada iliingia kwenye simu jioni hiyo hiyo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na saini chini. Fundi akauliza aende akaichapishe kwenye karatasi. Msusi akasema haichapishwi. Fundi akauliza basi Ijumaa mtoto atatokaje pale getini. Akajibiwa kwamba hilo halijulikani, ila kwa barua ile hatatoka.

*

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya kutetea kazi. Kila mwanafunzi alisimama mbele, akaonyesha mchoro wake, akaulizwa, akakaa. Msusi alipoweka wake ukutani, Ufunguo alivua miwani akaivaa tena.

Akasema kwa ucheshi wake kwamba mchoro ule mzuri umekuwaje, mbona umeota mguu wa tatu. Darasa likacheka. Msusi akaeleza. Hakupindisha maneno: alisimulia geti, alisimulia jina lililosukuma jina, akasema ule mchoro wa kwanza ulikuwa kosa, tena kosa lake yeye, na shule ya mtoto wake inatumia kosa hilo hilo. Kicheko kikaisha chenyewe.

Ufunguo hakukasirika. Alimjibu kama mtu aliyewahi kulifikiria jambo lile akalikatia shauri. Alisema anajua kujenga jedwali la tatu, hata mwanafunzi wa wiki ya nne analijua. Shule ndizo zilizotaka mmoja. Mtoto akianguka uwanjani wanataka mtu mmoja wa kumpigia, na wazazi wakigombana wanataka mtu mmoja wa kumsikiliza. Kazi ya msanifu ni kumjengea mteja alichoomba, na kazi ya mwanafunzi ni kufuata masharti ya swali. Kisha akashusha sauti, akampa njia. Ule mchoro wa kwanza, alisema, Msusi bado anao. Akiuweka huo, atapata alama ya juu darasani na yaishe.

"Wa kwanza ni wa uongo, mwalimu," Msusi alisema.

"Ni wa swali."

"Basi swali ni la uongo. Nyumbani kwangu tuko wawili. Siwezi kumfuta mtu ili nifaulu."

Huenda Ufunguo alimwonea huruma, lakini kalamu haikumwonea. Aliandika kwamba kazi haikuzingatia masharti, na akamwambia somo atalirudia mwakani. Watoto wanaomwita shangazi walimpisha njia akakaa. Ilimwuma, maana kufeli ni kufeli hata ukiwa na haki, na yeye alikuwa hajawahi kufeli kitu shuleni. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona kwamba angeulizwa tena angesema vile vile.

*

Kutoka chuoni alikwenda moja kwa moja shuleni. Mlinzi alimwona kwa mbali akaanza kutikisa kichwa kwa masikitiko. Msusi akampita, akaingia kwa mlango wa mbele.

Ofisini palikuwa na foleni. Zamu yake ilipofika karani akanyoosha mkono kupokea barua. Msusi akasema barua ipo, na hailetwi. Karani akauliza basi mama wa mtoto amefika. Msusi akasema wa kuzaa hajafika, wa kulea ndiye huyu, na anataka wote wawili waandikwe. Karani akavuta pumzi, akaanza upya wimbo wake wa kisanduku kimoja.

"Andika majina mawili humo humo," Msusi akasema.

Hilo lilikuwa jambo ambalo Ufunguo aliwakataza tangu siku ya kwanza, kwamba katika kisanduku kimoja hukaa kitu kimoja, na mwenye kuchomeka viwili hajui hifadhidata ni nini. Msusi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani, na asubuhi ile ile lingempa sifuri. Alitaka liandikwe.

Karani akasema mfumo utakataa. Msusi akasema ajaribu. Karani akasema hairuhusiwi. Msusi akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya meza, mkoba mapajani, akamwambia atakaa hapo na Jumatatu atakaa hapo, na kila siku atakaa hapo mpaka aitwe mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akija atamweleza na yeye. Alisema bila kupaza sauti. Nyuma yake baba mmoja mwenye mtoto wa marehemu kaka yake akauliza kama na yeye anaweza kuandikiwa hivyo. Mama mwingine akasema kwake wako watatu.

Karani akawatazama, akamtazama Msusi. Kisha akaivuta kibodi, akaandika jina la Dada, akaweka mkato, akaandika jina la Msusi, akabonyeza. Mfumo ukafikiri. Ukayakubali yote mawili.

Msusi aliomba aonyeshwe, akasoma jina la dada yake, akasoma lake, akarudia. Kumbe alikuwa analia tena, na hakujali nani anamwona.

"Na wakija wakaguzi," karani akauliza kwa sauti ya chini, "wakakuta majina mawili kwenye kisanduku cha mtu mmoja, niwaambie nini?"

Msusi akainuka, akatundika mkoba begani.

"Waambie wamekuta watu wawili," akasema, akatoka kwenda kumchukua mtoto.